Namna ya Kuwabadilisha Watu Bila Kuwasumbua

Hongera, ndugu yangu. Andiko la mradi limepita, fedha zimeingia, na wewe ndiye umekabidhiwa kazi ya kubadilisha tabia za watu: wachimbe vyoo, wanawe mikono kwa sabuni, wahudhurie mikutano na watoe maoni yao kwa uhuru. Una miezi kumi na minane. Usitishike. Wengi wamekutangulia katika kazi hii, na leo baadhi yao ni washauri waelekezi wenye magari ya kutamanisha. Sijasikia mtu aliyefukuzwa kwa sababu wanakijiji hawakubadilika. Nimesikia waliofukuzwa kwa kuchelewesha ripoti.

Nakupa mwongozo huu kwa mapenzi tu. Usiusome kwa sauti mbele ya mfadhili.

1. Chagua kijiji chenye adabu

Kijiji kizuri kwa mradi kiko karibu na lami, kina mwenyekiti anayependa wageni, na ukitoka hapo jioni unawahi kuoga kwenye hoteli yenye feni. Kama kina kibao cha mradi uliopita pale njia panda, ni bora zaidi. Wakazi wake wameshazoea. Wanajua kugawanyika makundi bila kuambiwa mara mbili, wanajua kalamu rashasha inafunguliwa upande gani, na wanajua kwamba mgeni akiuliza "mmejifunza nini?" jibu la kwanza ni "mengi".

Mwingereza mmoja, Robert Chambers, aliandika kitabu mwaka 1983 akiwasema wataalamu wanaozuru vijijini: hawaiachi lami, huenda kiangazi tu, huongea na wanaume kuliko wanawake, na huishia kwa wale wale ambao tayari wana mradi. Alidhani anatukemea. Sisi tuliosoma kwa makini tulikuta humo ratiba ya safari iliyokamilika.

Hilo la kiangazi lishike sana. Choo kilichochimbwa Agosti kwenye udongo wa kichanga kinasimama vizuri hadi Oktoba. Picha zinapigwa, ripoti inaondoka. Masika yakija, shimo lisilojengewa kuta linajaa maji na kubomoka, lakini wakati huo wewe uko Dodoma kwenye kikao cha wadau.

2. Mwanzoni chungulia, mwishoni uliza

Kila mradi hupimwa mara mbili, kabla na baada. Vijana wapya huharibu hapa kwa sababu hupima kwa njia ile ile mara zote mbili, halafu wanashangaa tarakimu hazijasogea.

Wewe mwanzoni tuma watu wakae uani kimya, waangalie nani ananawa. Watakuletea hali ya kusikitisha, na hiyo ndiyo unayoitaka. Wala usidhani ni kijiji chako peke yake. Mapitio ya tafiti za nchi mbalimbali yaliyochapishwa mwaka 2014 yalikadiria kwamba duniani kote ni takriban watu 19 katika kila 100 wanaonawa kwa sabuni baada ya kushika kinyesi. Hapo wamo wenye mabafu ya vigae na sabuni za maua.

Mwisho wa mradi usimtume mtu akachungulie. Uliza. Vaa fulana ya mradi, simama mlangoni, sema: "Shikamoo mama. Hivi ukitoka chooni huwa unanawa mikono kwa sabuni?" Unategemea mama wa watu akujibu nini? Ameona fulana, ameona gari, na ana heshima zake. Atasema ndiyo, na atakuongezea kwamba hata watoto wananawa. Tabia imepanda kutoka chini hadi juu, na hakuna aliyesema uongo mkubwa.

Jihadhari na watafiti wenye roho mbaya. Kule Bangladesh waliwahi kuficha kifaa kidogo ndani ya kipande cha sabuni, kifaa kinachorekodi sabuni inapoguswa. Wakagundua kwamba siku mtazamaji anapokaa uani, sabuni inatembea kuliko siku nyingine. Mtu akikuletea sabuni ya namna hiyo, mwambie utaratibu wa manunuzi hauruhusu.

3. Semina kwanza, choo baadaye

Hapa tukae kidogo, maana ndipo fedha zilipo.

Semina ya kubadilisha tabia za kijijini haifanyiki kijijini. Kuna vumbi, na watu wataulizana kwa nini fulani kaitwa na fulani kaachwa. Kodi ukumbi mjini, ule wa harusi, wenye viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa vyeupe na utepe mgongoni. Waalike watendaji wa vijiji, wenyeviti wa vitongoji, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na walimu wawili watatu. Wape nauli, posho ya kujikimu, daftari, kalamu na mkoba wenye nembo. Mkoba usiusahau, maana utaishi kuliko mradi. Miaka mingi baadaye utaukuta sokoni umebeba nyanya, na moyo wako utafurahi kwamba kuna kitu kilichokuwa endelevu.

Asubuhi ya kwanza ipange hivi. Kujitambulisha: jina, unakotoka, na tunda unalolipenda. Kuchagua uongozi wa semina: mwenyekiti, katibu, mtunza muda na mtu wa kuchangamsha. Kuweka kanuni: simu ziwe kimya, tuheshimu mawazo ya kila mmoja. Kuandika matarajio kwenye karatasi na kuyabandika ukutani. Saa nne na nusu mgeni rasmi anawasili kufungua semina iliyoanza saa mbili, kwa hiyo mnajitambulisha upya, na matunda yenu. Kisha chai. Ukipanga vizuri, neno choo halitatamkwa hadi baada ya chakula cha mchana, na baada ya pilau ile hakuna atakayekuuliza swali gumu.

Posho usiitoe asubuhi. Mtu aliyetia posho mfukoni saa tatu hupata msiba saa nne. Itoe jioni, kwa saini. Hiyo karatasi ya saini ndiyo mali, itunze kama hati ya kiwanja. Ikitoka huko itaitwa idadi ya waliojengewa uwezo, na hakuna mkaguzi aliyewahi kumpigia simu mtu aliyesaini akamwomba aonyeshe uwezo wenyewe.

Jambo dogo la tahadhari. Kabla wageni hawajafika, pita ukakague choo cha ukumbi. Kwa kawaida bomba halitoi maji, sabuni iliisha kwenye harusi ya Jumamosi, na kile choo cha pili, kizuri, kimefungwa kwa kufuli na ufunguo anao katibu muhtasi. Usianze kutafuta fundi. Tundika bango la mradi mlangoni, upande wa nje, uendelee na ratiba. Watu wazima wanajua kujibana hadi jioni.

4. Ujumbe: watishe, tena kwa maneno marefu

Waambie kuhusu vimelea. Taja majina ya bakteria kwa Kilatini. Onyesha mchoro wa njia za maambukizi, wenye mishale mingi kiasi kwamba hata nzi mwenyewe akiuona atapotea. Watu watakusikiliza kwa heshima, kama wanavyosikiliza bei ya dola.

Usithubutu kugusa kinachowagusa. Ghana waliwahi kufanya kosa hilo. Tangazo lao la televisheni lilionyesha watu wanatoka chooni na rangi ya zambarau mikononi, kisha kila wanachoshika kinabaki na rangi ile ile. Hakuna Kilatini wala mishale. Mtazamaji alipata kinyaa, na mtu mwenye kinyaa hana haja ya semina, anatafuta maji. Sasa ukimaliza kazi kwa tangazo fupi, bajeti ya ukumbi utaieleza vipi?

Kuna na yule Mhindi, Kamal Kar, aliyeanzisha vurugu nyingine huko Bangladesh miaka ya 1999 na 2000, katika kijiji cha Mosmoil. Yeye hakuleta saruji wala sakafu za bure. Aliwaomba wanakijiji wampeleke mahali wanapojisaidia, akasimama nao pale pale kwenye harufu, wakapiga hesabu wenyewe kinyesi ni kiasi gani na kinaishia wapi. Walipogundua kwamba kinaishia kwenye sahani zao, wakaanza kuchimba bila kusubiri mtu. Mbinu yake imesambaa hadi kwetu, na mwongozo wake utaukuta kwenye kabati la ofisi yako. Itumie, lakini kistaarabu. Ifanyie ukumbini, kwa slaidi. Kinyesi cha kwenye slaidi hakichefui, hasa mkiwa mnasubiri soda.

5. Ushiriki: waulize ulichokwisha kuamua

Mfadhili atataka mradi uwe shirikishi. Usipingane naye. Mmarekani Sherry Arnstein alichora mwaka 1969 ngazi ya ushiriki wa wananchi yenye vipandio 8: chini kabisa watu wanachezewa akili, juu kabisa wanashika usukani wenyewe. Wewe panda hadi cha tatu na cha nne, pale watu wanapopashwa habari na kuulizwa maoni. Hewa ni nzuri, na ukidondoka huvunjiki kitu. Kutoka hapo kwenda juu kuna hatari ya wananchi kukuomba mchanganuo wa bajeti.

Kuna mkutano mkuu wa kijiji. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe, na mkutano unapaswa kukaa angalau kila miezi mitatu. Ni chombo cha hatari. Kikikaa vizuri, watu huuliza mapato na matumizi, na bibi mmoja kule nyuma ataanza na "mimi naomba nieleweshwe". Basi itisha mkutano siku ya gulio, au asubuhi ya msimu wa kulima. Wakija wachache, andika kwamba mwamko ni mdogo na elimu zaidi inahitajika. Elimu ni semina. Umeona inavyozunguka?

Waliokuja wasomee mpango kutoka kwenye kompyuta, umeshapigwa mhuri. Kisha geukia upande walikokaa wanawake, chini, kwenye kanga zao, uulize kwa sauti ya upendo: "Na kina mama, mnasemaje?" Hapo kina mama wameacha maharage jikoni na mtoto mmoja analia. Mmoja atasema "tunaunga mkono". Kamilisha kifungu cha jinsia.

Akitokea wa kusema, "Mwanangu, sisi choo tunakitaka, ila maji tunayafuata mwendo wa saa nzima, hayo ya kunawia tuyatoe wapi?", mshukuru sana. Mwambie mchango wake ni mzuri na umechukuliwa. Usimwambie umepelekwa wapi.

6. Kibuyu chirizi, na picha yake

Hiki ndicho chombo bora kuliko vyote nilivyowahi kuona katika fani yetu. Chukua dumu la lita tano, litoboe, litundike kwa kamba kwenye mti uliolala juu ya nguzo mbili, funga kamba nyingine kwenye kijiti cha kukanyagia. Ukikanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika, mkono haugusi kitu. Ni rahisi, hakina umeme, na kinapendeza kwenye picha kuliko harusi.

Picha ndiyo kazi. Mtafute mtoto wa darasa la pili mwenye tabasamu, sare iwe imefuliwa. Sabuni iwe mpya na povu lionekane. Piga kutoka chini kidogo ili choo kilicho nyuma kisionekane kwamba hakina paa.

Usirudi pale baada ya miezi mitatu, nakusihi. Dumu utalikuta limebeba maziwa au mafuta ya taa, kamba imefunga mbuzi, na kijiti kimeivisha chai. Nasema hivi bila kumlaumu mtu. Dumu zima lina thamani kwenye nyumba, na mwenye nyumba alipima faida zake vizuri kuliko mtaalamu wetu wa tathmini.

7. Onyo kutoka mwaka 1973

Nikikuficha hili nitakuwa sikupendi. Iliwahi kutokea hapa hapa Tanzania kampeni ikawabadilisha watu kweli.

Iliitwa Mtu ni Afya. Walianza kwa kuandaa viongozi wa vikundi wapatao 75,000, kisha kwa majuma 12 watu wazima takriban milioni mbili wakawa wanakutana vikundi vikundi, chini ya mwembe au darasani, wanasikiliza kipindi cha redio, mmoja anasoma kijitabu kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma, halafu wanajadili: malaria, kichocho, minyoo, kuhara, kifua kikuu. Makosa yao makubwa yalikuja baada ya mjadala. Kila kikundi kiliamua chenyewe kitafanya nini juma lile, na juma lililofuata wenzako walikuuliza mbele ya watu kama umefanya. Jirani akikuuliza hivyo, huna pa kukimbilia. Vilichimbwa vyoo mamia ya maelfu.

Angalia walivyokosa uzoefu. Hawakulipa posho ya vikao vile. Hawakuwapa wasikilizaji mikoba. Walimwachia mwanakijiji mambo mawili ambayo mradi wa kisasa hauwezi kuyaachia, uamuzi na deni kwa jirani yake. Na kibaya zaidi, kiongozi wa kikundi alikuwa mkazi wa pale pale, kwa hiyo shimo la kwanza ililazimu liwe lake.

Akitokea kijana ofisini akapendekeza mrudie mtindo ule, mpongeze kwa ubunifu, kisha mweke kwenye kamati ya fulana.

8. Wakigoma, tumia mgambo

Sheria ndogo ndiyo njia ya mkato ya mwisho. Faini ikitangazwa Jumatatu, kufikia Ijumaa kila kaya ina choo. Usiulize kama kinatumika. Vingine vitakuwa na kufuli na ufagio mpya ndani, vimehifadhiwa kwa ajili ya mkaguzi, na familia inaendelea na vichaka vyake. Choo kama hicho hakijai wala hakinuki. Kihesabu kama choo bora.

9. Siku ya kilele

Zipo siku mbili za kimataifa zinazokufaa: ya kunawa mikono, tarehe 15 Oktoba, na ya choo, tarehe 19 Novemba. Chagua moja, agiza turubai, spika na maji ya chupa. Kampeni ya taifa ya Nyumba ni Choo ilikuwa na msanii Mrisho Mpoto. Wewe kwa bajeti yako utapata kwaya ya shule na kikundi cha ngoma, na watakutosha. Risala isomwe na mwanafunzi wa kike. Imalizie kwa kuomba gari.

Mgeni rasmi anawe mikono hadharani, polepole, ili wapiga picha wapate. Azindue kibao cha kutangaza kwamba kijiji hiki hakina tena kinyesi ovyo. Tumia rangi ya mafuta na nguzo za chuma, usibane hela hapo. Tabia inaweza kurudi nyuma wakati wowote, lakini kibao kikichimbiwa vizuri hakirudi nyuma.

Wewe mwenyewe usile kwa mkono siku hiyo. Maji ya dumu yataisha mapema.

10. Ripoti, na ile nyumba moja

Andika kwamba mwitikio ulikuwa mkubwa. Andika kwamba jamii imemiliki mradi. Kwenye mapungufu weka mvua, umbali na ufinyu wa bajeti, kwa mpangilio huo. Weka picha ya mtoto kwenye jalada.

Unapopita kukusanya takwimu za mwisho utakutana na nyumba moja, kila kijiji kinayo, yenye choo kisafi, kifuniko, maji kwenye ndoo na kipande cha sabuni kimeviringishwa kwenye wavu ili kuku asidonoe. Usiulize wamefanyaje. Ukiuliza, mwenye nyumba atakwambia aliamua mwenyewe mwaka ule mwanawe alipoharisha nusura afe, mradi wako ukiwa bado haujaandikwa, na kwamba jirani zake wawili walikuja kutazama na wao wakachimba. Maelezo hayo hayana safu kwenye fomu. Zihesabu nyumba zote tatu kama mafanikio yako.

Halafu omba awamu ya pili mapema. Kama fedha zako zinapitia halmashauri, kumbuka mwaka wa fedha wa serikali unafungwa tarehe 30 Juni, na salio lisilotumika linaweza kurudi Hazina. Ukumbi ubuku kwa mwezi wa Mei, kabla wenzako hawajaujaza.